Fungate Shela: namna ya kupanga wiki ya mapumziko kisiwani Lamu

Harusi zetu huchosha. Vikao vya kamati, michango ya kufuatilia, wageni wa kupokea, usiku wa hina, akdi au kanisa, halafu picha hadi mashavu yaume. Maharusi wengi wakitoka hapo hupanda ndege na kuanza kukimbizana na ratiba nyingine: kesho mbuga, keshokutwa pomboo, mtondo kisiwa kingine. Wanarudi kazini hoi kuliko walivyoondoka. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kinyume cha hayo.

Shela ni mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Lamu, Kenya, kama kilomita 3 kutoka mji mkongwe wa Lamu. Magari hayaingii katika vichochoro vyake. Mizigo hubebwa na punda, watu huenda kwa miguu au kwa boti. Mbele ya mji kuna mkondo wa bahari unaotenganisha Lamu na Manda, na ukiipita ncha ya mji unatokea kwenye ufuo mrefu wa mchanga, kilomita kama 12, wenye matuta ya mchanga nyuma yake na usio na safu ya mahoteli. Kanuni yangu kwa maharusi wanaokuja huku ni moja: mtoko mmoja kwa siku, usizidi. Kuna siku hata huo mmoja uachwe.

1. Chagueni mwezi kabla ya kuchagua nyumba

Pepo mbili ndizo zinazoamua kila kitu hapa. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi: jua kali, bahari tulivu, maji maangavu ya kuona samaki. Huo ndio msimu wa wageni wengi, na Krismasi hadi mwaka mpya bei hupanda na nyumba nzuri huwa zimeshachukuliwa miezi kabla. Aprili hadi Juni ni masika. Mei na Juni nyumba na hoteli nyingi hufunga kwa matengenezo. Julai hadi Septemba ni kusi. Upepo ni mwingi na upande wa bahari kuu mawimbi ni makubwa, lakini usiku mnalala bila feni na jahazi hukimbia vizuri.

Mimi ningechagua Oktoba au mwanzo wa Novemba. Kusi imelegea, kaskazi haijashika, joto bado linavumilika, na wageni wa Krismasi wako mbali.

Kisha tazameni kalenda ya mwezi mwandamo. Lamu ni mji wa Kiislamu, na Ramadhani mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, ingawa hoteli za Shela huendelea kuwahudumia wageni wake. Kama nyinyi wenyewe mnafunga, huenda ukawa mwezi mtamu sana: futari za Lamu ni sherehe peke yake. Lakini fungate na saumu vina masharti yake, na anayeoa mwisho wa Shaabani afikirie hilo mapema. Mfungo Sita, yaani Rabiul Awwal, kuna Maulidi ya Lamu katika msikiti wa Riyadha, yanayovuta watu kutoka pwani nzima na ng'ambo. Ni jambo la kushuhudia, ila mkitaka kimya msije wiki hiyo.

2. Njia ya kufika, na siku ya kuondoka

Msisafiri kesho yake asubuhi baada ya harusi. Laleni usiku mmoja au miwili mahali pa karibu, amkeni mnapotaka, rudisheni vitu vya watu, ndipo muondoke.

Kwa ndege mnatua Manda, kisiwa kinachotazamana na Lamu. Kuna ndege kutoka Nairobi, uwanja wa Wilson na ule wa Jomo Kenyatta. Ndege ndogo za Wilson huwa kali kwa mizigo: kilo 15 kwa mtu ni kiwango cha kawaida, na hupendelea begi laini kuliko sanduku gumu. Kwa hiyo zawadi za harusi ziachwe nyumbani. Mkishuka Manda mtatembea hatua chache hadi gatini, na boti itawavusha moja kwa moja hadi Shela. Mwambieni mwenye nyumba atume boti na mtu wa kubeba mizigo, na bei iwekwe wazi kabla. Mkifika bila kupangiwa, vijana kadhaa watawapokea kwa pamoja, kila mmoja akiwa na boti yake na nyumba yake ya kuwaonyesha.

Kwa barabara, basi hutoka Mombasa likipita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe bara, kisha ni boti hadi Lamu. Ni rahisi zaidi kwa pesa, lakini inakula siku nzima. Kuna vizuizi vya ukaguzi njiani, kwa hiyo vitambulisho viwe mkononi, na msafiri mchana. Sehemu za bara za kaunti hiyo zimekuwa na matatizo ya usalama miaka kadhaa, basi someni matangazo ya serikali kabla ya kukata tiketi ya basi. Mkiwa na uwezo, pandeni ndege angalau wakati wa kwenda.

Watanzania wabebe pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ndugu walioko Ulaya na Marekani wenye pasi za huko waombe kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya kabla ya safari. Utaratibu huo ulianza Januari 2024 na kuchukua nafasi ya viza. Na nyote, wekeni nakala ya cheti cha ndoa kwenye simu. Ziko nyumba za wageni hapa pwani zitakazouliza, hasa ninyi mkiwa wenyeji na majina yenu hayajafanana.

3. Chukueni nyumba yenye mpishi

Hapa ndipo Shela inapopita miji mingi ya ufuoni. Mbali na hoteli, kuna nyumba nyingi za kukodi, za mawe ya matumbawe na boriti, kuta nene zenye zidaka (vishubaka vya ukutani), daka la kukaa mlangoni, na juu kabisa dari la kupumzikia, lililoezekwa makuti ambako upepo haukatiki. Nyingi hukodishwa pamoja na mpishi na mtu wa usafi. Nyumba kubwa za vyumba vitano ni za familia. Nyinyi tafuteni ndogo ya chumba kimoja au viwili, au ghorofa ya juu ya nyumba kubwa yenye mlango wake.

Kwa nini nyumba na si hoteli? Kwa sababu wazee wetu walijua: maharusi walifungiwa ndani siku saba, wakapikiwa, wakaletewa chakula, na hakuna aliyewatarajia barazani. Nyumba yenye mpishi inawapa jambo hilo hilo bila mashangazi kusikiliza mlangoni.

Kabla ya kutuma pesa yoyote, ulizeni haya kwa maandishi:

Je, mpishi yumo ndani ya bei, na hupika milo mingapi? Chakula chenyewe tunanunua sisi au nyumba? (Mara nyingi mnampa mpishi pesa ya soko, naye huwaletea hesabu.)

Dari linaonekana kutoka dari la jirani? Hili wengi hulisahau. Nyumba za Shela zimebanana, na dari zuri kwenye picha huenda likawa linatazamana na dari la watu wazima wanaoanika nguo. Ombeni picha ya pande zote nne.

Umeme ukikatika kuna jenereta au betri ya sola? Feni ni muhimu zaidi kuliko mapambo ya kitanda.

Msikiti uko umbali gani? Adhana ya alfajiri mtaisikia popote mtakapolala, lakini kuna tofauti kati ya kuisikia kwa mbali na kipaza sauti kikiwa sambamba na dirisha.

Kuna ujenzi karibu, kwenye nyumba za majirani? Shela inajengwa kila mwaka, na nyundo huanza mapema.

Malipo ya amana yalipwe kwa akaunti au namba yenye jina linalolingana na la mwenye nyumba, na mzungumze naye kwa simu ya video akiwa ndani ya nyumba hiyo. Ufuo mzuri huvutia na matapeli.

4. Begi

Vikoi viwili, leso mbili, nguo nyepesi za mikono mirefu, viatu vya kuvua haraka, kofia, krimu ya jua, tochi ndogo kwa vichochoro vya usiku, dawa ya mbu. Suti ya kuogelea ni ya ufuoni na ya darini palipositirika. Dawa zenu za kila siku zibebeni zote. Maduka ya dawa yapo mjini Lamu, lakini si kila dawa ipo. Muulizeni daktari kuhusu kinga ya malaria, na mlale ndani ya chandarua hata kama mwenyeji atasema mbu hakuna.

5. Siku ya kwanza msitoke

Mkifika, ogeni, kuleni, laleni. Kazi yenu pekee ni kukaa na mpishi dakika kumi na kupanga chakula. Mwiteni kwa heshima yake, Bi fulani au Mwalimu fulani au kwa jina atakalowatajia, na mwambieni mnachopenda na msichokula. Usiulize tu "kuna nini?" Uliza "leo wavuvi wamerudi na nini?"

Asubuhi mara nyingi mvuvi hupita mlangoni na ndoo. Mpishi atatoka, atainua samaki kwa shavu, atalifunua kwa kidole atazame matamvua. Mekundu yanayong'aa, sawa. Yamekuwa ya kahawia, anamrudisha ndani ya ndoo bila neno, na mvuvi anajua. Jicho liwe limevimba na maangavu, nyama ikibonyezwa irudi. Changu na tewa ni wa kuchoma, kolekole na nguru hukatwa vipande vya mchuzi. Kaa wa mikokoni na kamba huja kwa siku zao, na bei yao hubadilika, kwa hiyo mwachie mpishi azungumze. Wageni wakiingilia bei hupanda.

Mwagizeni samaki wa kupaka angalau mara moja. Samaki mzima huchanjwa mbavuni, hupakwa kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, huchomwa juu ya makaa hadi aanze kukauka, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju tena na tena kila linapokauka. Ni kazi ya subira. Mpishi akiwaambia "nusu saa", hesabuni saa moja. Kwa kuteremshia, ombeni mkate wa mofa au wali wa nazi. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, na baada ya hapo hakuna atakayewauliza kama mna njaa hadi saa nane.

6. Pangeni siku kwa maji, msipange kwa saa

Wageni wengi huamka, wakaenda kuogelea, wakakuta bahari imekwenda zake. Kujua maji kutawaokoa na hilo, na wala si elimu ngumu.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi, na hujaa sana mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Kama wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na saa zimegeuka, maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri. Kila siku hali huchelewa kwa karibu dakika 50. Mpishi, mvuvi au nahodha yeyote atawatajia saa za kesho bila kufikiri.

Kwa hiyo bamvua, asubuhi tembeeni ufuoni. Mchanga uliolowa huwa mgumu, miguu haizami, na mnaweza kwenda mbali bila kuchoka. Ogeleeni alasiri, kisha mpande jahazi maji yakiwa yamejaa na jua likishuka nyuma ya mji. Siku za maji mafu geuzeni: kuogelea asubuhi, matembezi jioni. Saa sita hadi saa tisa, wakati wowote wa mwezi, ni za kulala. Sina mjadala na anayetaka kutembea matutani saa saba mchana, atarudi mwenyewe.

Matuta hayo msiyapande kwa fujo wala kuyatupia takataka. Mvua hunywea humo, na chini yake ndiko yanakohifadhiwa maji baridi ya visima ambavyo Lamu imevitegemea vizazi na vizazi.

Kwenye mkondo kati ya Shela na Manda maji huenda kasi yanapojaa na yanapopwa. Msivuke kwa kuogelea. Upande wa bahari kuu kuna mawimbi, na msitegemee mlinzi wa waogeleaji, basi msizidi kina cha kifua na asiogelee mmoja peke yake. Mkitembea mbali ambako hakuna watu, simu ghali na pete zibaki nyumbani, na mrudi kabla ya magharibi.

7. Safari moja ya maana: Takwa

Mkichagua safari moja tu, iwe Takwa, magofu ya mji wa Waswahili kisiwani Manda uliostawi karne ya 15 hadi ya 17. Kuna msikiti wa jamia wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, kuna kaburi la nguzo, mibuyu, na kimya. Inasemwa visima viliingia chumvi na watu wakahama, na watu wa Shela huhesabu asili yao huko. Maharusi wengi hupita haraka wakienda kutafuta ufuo, nyinyi kaeni.

Njia ya boti ni hori jembamba ndani ya mikoko, na hupitika maji yakijaa. Ndiyo maana siku huchaguliwa kwa mwezi: karibu tarehe 10 hadi 12 na 25 hadi 27 za mwezi mwandamo maji hujaa adhuhuri, mkawahi kuingia asubuhi na kutoka mchana. Wanaokawia hukaa kwenye tope wakitazama kaa hadi maji yarudi.

Mapatano na nahodha yafanywe jioni ya kuamkia safari, kwa utulivu:

"Nahodha, bei hiyo ni ya chombo kizima au ya kichwa?"

"Ya chombo, bwana harusi."

"Tutakuwa sisi wawili tu? Na mafuta, maji ya kunywa, samaki wa kuchoma, na kiingilio cha Takwa?"

"Kiingilio mnalipa wenyewe. Mengine yangu."

Kila alichotaja kirudieni mbele yake. Ulizeni jaketi za kuokolea, na mzione kwa macho. Toeni kidogo mwanzo, cha soko, na kilichobaki mkirudi gatini. Kama ni kaskazi na maji ni maangavu, mnaweza kubadilisha Takwa kwa Manda Toto, kisiwa kidogo jirani na Manda, kutazama samaki kwenye matumbawe.

8. Nusu siku mjini Lamu

Kutoka Shela kwa miguu kufuata ukingo wa maji ni kama dakika 40. Kwa boti ni dakika kumi hivi. Nendeni mapema, kabla ya jua, mrudi kula nyumbani. Mji mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na raha yake ni kupotea: ingieni Usita wa Mui, barabara kuu iliyo nyuma ya gati, kisha kateni kona kuingia mtaa wa Mkomani ambako nyumba za mawe ni nyingi. Mkisikia "Simile!" bana ukutani, punda yuko nyuma yako na hana breki. Ngome, iliyokamilika mnamo 1821, ilikuwa jela hadi 1984, sasa inatembelewa. Makumbusho yapo gatini. Ila mkichoka baada ya ngome, kaeni chini mnywe maji ya ukwaju, hakuna mtihani.

Kitu cha kununua ni kofia ya kushonwa kwa mkono ya bwana harusi. Nzuri huchukua wiki nyingi kushonwa na bei yake inaonyesha hivyo.

9. Adabu za mji

Salamu kwanza, kila mahali, hata kwa mtoto. Mkubwa apewe shikamoo. Ndani ya vichochoro mabega na magoti yafunikwe, bibi harusi kwa leso, bwana harusi asitembee kifua wazi. Kushikana mikono hakuna atakayewatazama. Kubusiana njiani kuacheni. Msipige picha za wanawake wala za mtu barazani bila kuomba. Pombe hupatikana mahali pachache tu. Msitembee na chupa mkononi.

Pesa taslimu ndogo ndogo zisikosekane, ingawa M-Pesa hukubaliwa karibu kila mahali. Mashine za benki ziko mjini Lamu. Mkiugua, boti ya haraka hadi hospitali ya King Fahd mjini Lamu.

10. Siku ya kuondoka

Agizeni boti ya Manda jana yake na mtoke Shela saa moja na nusu kabla ya ndege, kwa sababu upepo unaweza kugeuka. Bakshishi ya mpishi na ya mtu wa usafi mpeni kila mmoja mkononi mwake, si kwa kupitia meneja. Na kama mnaunganisha ndege Nairobi, kumbukeni kwamba Wilson na Jomo Kenyatta ni viwanja viwili tofauti: kati yao kuna foleni ya magari, kwa hiyo wekeni si chini ya saa nne kati ya ndege moja na nyingine, au mlale Nairobi.